Mikeka Iliyochanika

Nadharia nzuri ina utamu wake. Tangu mafuriko ya 2024, hapa Kisauni nimesikia mvua ikielezwa mara nyingi kuliko nilivyosikia ikipimwa. Kuna wanaosema mawingu yanapandwa Dubai, maji yanatumwagikia sisi. Kuna wa mitambo ya siri ya wazungu. Halafu kuna wale watulivu, waliosoma kidogo, wasiopiga kelele. Hao wanakwambia mambo ya hewa ya ukaa ni biashara ya watu, kinachoendesha hali ya hewa ni jua. Jua lina mzunguko wake wa miaka 11, na likijaa madoa, Afrika Mashariki hunyeshewa.

Hizo mbili za kwanza ni stori za jaba, tuziache barazani. Hii ya tatu siwezi kuiacha, kwa sababu ina kitu ambacho stori za jaba hazina: namba. Tena namba zenyewe hazikutoka Ulaya wala Marekani, zimetoka kwenye Ziwa Victoria.

Basi hapa naihakiki kama ninavyohakiki riwaya. Inaahidi nini? Imeruka kurasa gani? Na mwisho wake umetokana na mwanzo wake, ama umebandikwa tu? Mimi si mwanasayansi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponilemea. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye darasa la takwimu kiasi cha kujua kwamba namba nayo husimulia, na kila msimulizi ana anachokiacha nje.

Mwanzo wa hadithi ni mzuri. Mwaka 1923, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza aitwaye C. E. P. Brooks alichukua vipimo vya kina cha Ziwa Victoria tangu 1896, akavilinganisha na hesabu ya madoa ya jua. Vikapatana kwa namna ya kushangaza. Uwiano aliopata ulikuwa 0.87. Kwa asiyejua, uwiano wa 1 maana yake vitu viwili vinakwenda pamoja bila kuachana hata hatua moja, na 0 maana yake kila mmoja na njia yake. Kwenye mambo ya mvua, 0.87 ni namba ya kumfanya mtu asimame kwenye kiti. Fikiria: unatazama jua, unajua ziwa litapanda lini, unajua mkulima apande lini. Serikali ya kikoloni yenye reli, meli na mashamba ya pamba ingetaka nini zaidi?

Lakini tuhesabu mashahidi. Kutoka 1896 hadi 1922 ni miaka 27, na mtu akikwambia ana vipimo vya miaka 27 unaona ni vingi. Ila ziwa si kama kete, kwamba kila mwaka unarusha upya. Ziwa ni kama pipa: kina cha mwaka huu kinaanzia pale kilipoishia cha mwaka jana. Mwaka wa maji mengi hufuatwa na mwaka ambao maji bado yapo. Madoa ya jua nayo ni hivyo hivyo, hupanda kwa miaka kadhaa na kushuka kwa miaka kadhaa. Vitu viwili vinavyosonga polepole namna hii, ukiviweka pamoja kwa muda mfupi, ni rahisi sana vionekane vinaongea. Ni sawa na kumuuliza mtu mmoja swali moja mara 27, halafu ukatangaza una mashahidi 27.

Mashahidi wa kweli wa Brooks ni wangapi? Ndani ya miaka hiyo jua lilifika kileleni mara 2 tu, mwaka 1906 na mwaka 1917. Na ziwa lilipanda mara zote 2. Rusha shilingi mara 2: uwezekano wa kupata kichwa mara zote 2 ni robo. Robo! Hakuna mtu wa maskani angejenga nyumba juu ya robo.

Miaka 3 baada ya Brooks, mwanatakwimu Mwingereza Udny Yule alichapisha makala kuhusu jambo hili hili, kwamba mfululizo wa namba za miaka unaweza kutoa uwiano wa kipuuzi. Mfano wake hadi leo unachekesha. Alichukua sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza kati ya 1866 na 1911, akalinganisha na kiwango cha vifo cha miaka hiyo. Uwiano: 0.95. Umezidi wa ziwa na jua. Kama namba peke yake ingekuwa ushahidi, tungewakataza watu kuoa kanisani ili wasife. Ndoa zilikuwa zinapungua kwa sababu zake, vifo vinapungua kwa sababu zake. Walipishana tu njiani wakielekea upande mmoja.

Sasa tazama kilichotokea mkeka ulipowekwa mezani. Baada ya katikati ya miaka ya 1920, uhusiano ule ukavunjika. Jua likaendelea na mzunguko wake kama kawaida, ziwa likashika lake. Halafu zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na Mei 1964 likafika kimo ambacho halikuwahi kupimwa tangu vipimo vianze. Madoa ya jua mwaka huo? Yalikuwa chini kabisa. 1964 ndio mwaka jua lilipofika bondeni.

Riwaya nyingine ingeishia hapo. Hii haikuishia. Mwaka 2007, Curt Stager na wenzake walirudi na makala mapya kuhusu madoa ya jua, El Niño na Ziwa Victoria. Na hawa nawapa heshima yao, kwa sababu mbili. Kwanza hawakung'ang'ania kina cha ziwa kijinga. Walitafuta vipindi vya mvua kubwa vinavyotangulia kilele cha jua kwa mwaka mmoja hivi, na wakaangalia maziwa mengine ya Afrika Mashariki pia. Pili, na hili ni la maana zaidi, waliweka tarehe. Walisema kama uhusiano huu utaendelea, basi misimu ya mvua isiyo ya kawaida, pamoja na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, itarajiwe mwaka mmoja hivi kabla ya kilele cha jua kilichokuwa kinasubiriwa 2011 hadi 2012.

Nadharia nyingi mbadala hazifanyi hivyo. Hukaa pembeni, zinasubiri mvua inyeshe, halafu zinasema "si tulisema?" Hawa walisema mapema, wakaandika.

Kilichofuata tunakikumbuka. Vuli ya 2010 ilikosa. Masika ya 2011 yakakosa. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa Somalia, na kaskazini mwa Kenya mifugo ikaisha. Bahari ya Pasifiki ilikuwa kwenye La Niña, na La Niña kwetu huja na ukame wa vuli. Mahali palipoandikwa mvua, pakatokea mojawapo ya ukame mbaya zaidi katika miongo mingi.

Mtetezi wa nadharia atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: jua lenyewe lilichelewa. Kilele hakikuja 2012, kilikuja Aprili 2014. Kwa hivyo mwaka wa kuangalia ni 2013, na masika ya 2013 yalileta mafuriko sehemu kadhaa za Kenya. Mkeka umeiva!

Pole pole. Wanaocheza mikeka mtaani wanajua vizuri kuliko maprofesa: huwezi kubadilisha timu baada ya filimbi ya mwisho. Lakini hebu tumkubalie, tuseme dirisha lilisogea kihalali. Swali linalobaki ni: ingekuwa rahisi kiasi gani kupatia kwa bahati tu? Sisi tuna misimu 2 ya mvua kwa mwaka, masika na vuli. "Mwaka mmoja hivi kabla" ukiipa nafasi ya miaka 2, ni misimu 4. Tuseme msimu wa mvua isiyo ya kawaida hutokea mara 1 katika kila misimu 5. Uwezekano wa misimu yote 4 kupita bila hata mmoja kuwa na mvua hiyo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani karibu 0.41. Kilichobaki ni asilimia 59. Kumbe mtu asiyejua chochote kuhusu jua, anayefumba macho na kuweka kidole kwenye kalenda, atapatia zaidi ya mara 1 katika kila 2. Bado nchi ni kubwa: ukiruhusu mafuriko ya popote yahesabiwe, Budalang'i au Garissa au Mombasa, atapatia karibu kila mara.

Hapo ndipo takwimu inapofanya kazi ya mhakiki. Haiulizi tu kama hadithi imepatia. Inauliza ingekosaje. Kama hakuna njia ya kukosa, huo si utabiri, ni salamu.

Rudi kwenye ziwa. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalivunja rekodi ya 1964. Watu wa Budalang'i na Kisumu walihama, Uganda visiwa vidogo vikaliwa. Jua lilikuwa wapi? Bondeni tena, kikomo cha chini cha mzunguko kilikuwa Desemba 2019. Rekodi 2 kubwa za ziwa, zote jua likiwa limelala. Kwa ushahidi huu naweza kuanzisha nadharia yangu mwenyewe leo, iliyogeuzwa kichwa chini: madoa yakipungua, ziwa hufurika. Ina mashahidi 2, sawasawa na za Brooks. Ningepata wafuasi pia, sina shaka. Ila 2024 ziwa likapanda tena na kuvuka hata rekodi ya 2020, na Oktoba mwaka huo huo wanasayansi wa Marekani wakatangaza jua limefika kwenye kipindi cha kilele. Nadharia yangu ingedumu miaka 4.

Kinachoeleza vuli ya 2019 kimelala karibu zaidi kuliko jua. Ni hii bahari yetu. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na Toshio Yamagata, wakiongozwa na N. H. Saji, walieleza daipoli ya Bahari ya Hindi: miaka mingine maji ya upande wetu hupata joto na ya upande wa Indonesia hupoa, mvua ikahamia kwetu. Ilikuwa hivyo 1961, ilikuwa hivyo 1997, ikawa hivyo 2019 na 2023. Tofauti na madoa ya jua, hapa kuna njia inayoonekana, hatua kwa hatua, kutoka joto la maji hadi wingu hadi paa la mabati. Na mambo haya yakiachana, unaona: 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana Pasifiki lakini daipoli haikuwa na nguvu, na mvua iliyotutisha kwa kumbukumbu za 1997 haikufika kimo cha 1997.

Na joto la dunia nzima? Huko nadharia ya jua imeshawekewa kamari ya kweli. Mwaka 2005 wanasayansi 2 wa Urusi, Galina Mashnich na Vladimir Bashkirtsev, waliwekeana dau la dola 10,000 na James Annan. Wao walisema jua linapungua nguvu, kwa hivyo miaka ya 2012 hadi 2017 itakuwa baridi kuliko ya 1998 hadi 2003. Jua kweli lilipungua nguvu. Mzunguko ule ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa karibu miaka 100. Joto likapanda hivyo hivyo. 2014 ukavunja rekodi, 2015 ukaivunja ya 2014, 2016 ukaivunja ya 2015. Mkeka ulichanika vipande vitatu.

Sasa msinielewe vibaya, ati nimekuja kuwafungia mlango wote wanaouliza maswali. Kipimo ninachompigia mtu wa jua lazima nimpigie na mwenye kompyuta kubwa. Kuna deni ambalo wataalamu wenyewe wamelipa jina: kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Modeli nyingi zinasema masika yetu yatazidi kuwa na maji kadri dunia inavyopata joto. Vipimo kuanzia miaka ya 1980 vilionyesha masika yakipungua kwa miongo. Miaka ya karibuni, kama 2018, 2020 na 2024, masika yalikuja na nguvu, lakini kati yake tukapata misimu 5 mfululizo iliyokosa, kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Wanasayansi wanabishana kuhusu hili hadharani, kwenye majarida, na majina yao yakiwa juu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi: upande mmoja mikeka iliyochanika inabandikwa ukutani, upande mwingine inatupwa chooni.

Mbona nachukulia jambo hili kwa uzito hivi? Kwa sababu ninakoishi jina lenyewe linatukumbusha. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 na wamisheni kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na Kengeleni inaitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele iliyowekwa kuwaonya hatari ikija. Kengele ina makosa ya aina 2. Inaweza kulia bure, watu wakakimbia, wakarudi, wakachoka, siku ya tatu wasitoke. Au inaweza kunyamaza siku ya siku. Mlinzi wa kengele hawezi kuondoa makosa yote mawili. Anachoweza ni kuyahesabu, kisha aseme kosa lipi ni ghali zaidi.

Chukua 2023. Kufikia Julai, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa limeshatangaza kwamba El Niño imeanza. Idara yetu ya hali ya hewa ikaonya kuhusu vuli yenye mvua nyingi. Oktoba, Rais William Ruto akasema wataalamu sasa wanasema hakutakuwa na El Niño, mvua itakuwa nyingi lakini haitafika kiwango cha uharibifu. Watu wakashusha pumzi. Kabla mwaka kuisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 150 nchini, na Novemba maji yalikuwa yamejaa barabara za Mombasa. Ile kauli ilikuwa na kasoro 2. El Niño ni joto la maji ya Pasifiki, haifutwi kwa hotuba. Halafu ikachukua utabiri uliokuwa na uwezekano ndani yake na kuugeuza kuwa "hakuna".

Kuna njia rahisi ya kuonyesha gharama ya hilo neno "hakuna". Mwaka 1950, Mmarekani Glenn Brier alipendekeza alama ya kupima watabiri. Andika uwezekano kwa desimali. Jambo likitokea ni 1, lisipotokea ni 0. Toa, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mwenye alama ndogo ndiye bora. Tuseme mtu alisema mvua ya juu ya kawaida ina uwezekano wa asilimia 60, ikanyesha: 1 toa 0.6 ni 0.4, mara 0.4 ni 0.16. Aliyesema haitanyesha kabisa anapata 1, alama mbaya kuliko zote. Asiyejua kitu, anayesema theluthi moja kila msimu, akifanya hivyo miaka na miaka atapata wastani wa karibu 0.22. Huo ndio mstari. Ukishindwa kukaa chini ya 0.22, hekima yako haijamzidi mtu aliyelala.

Mstari huu hauchagui mtu. Kule Vihiga, wazee wa Nganyi wamekaa pamoja na wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa na ICPAC, wakilinganisha ishara za miti, ndege na upepo na modeli za kompyuta. Pwani yetu nayo ilikuwa na hesabu ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa makumi makumi, ambao wakulima na mabaharia waliutegemea. Nampenda mtu anayesema elimu hiyo isidharauliwe. Lakini kuiheshimu elimu ni kuipa nafasi ya kukosea. Nairuzi haina mwaka mrefu, kwa hivyo husogea siku 1 kila miaka 4, na mababu waliijua hali hiyo vizuri kuliko sisi tunaoisifia mitandaoni. Andika kabla alichosema mzee, andika kabla alichosema kompyuta, kila mmoja peke yake, halafu ngoja msimu. Ukiwachanganya kwanza hutajua nani alipatia.

Jua litarudi bondeni karibu na 2030, na kilele kingine kitakuja katika muongo wa 2030. Anayeamini madoa ya jua ana muda wa kutosha wa kuandika: msimu gani, kituo gani cha kupimia, milimita ngapi, na kitu gani kikitokea atakubali ameshindwa. Akiandika hayo nitamsoma kwa hamu, na akipatia mara 4 au 5 mfululizo kwa masharti hayo nitamsambaza mimi mwenyewe. Akikataa kuandika, arudi barazani na wale wa Dubai.

Kwa sababu kuna mama anayeuza nafaka Kongowea, magunia yake yako chini, sakafuni. Kuinua magunia kunamgharimu mbao na siku nzima ya kazi. Kutoinua kunaweza kumgharimu mtaji wote. Hahitaji nadharia inayopatia kila mara baada ya mvua kuisha. Anahitaji mtu wa kumwambia kabla, kwa namba, na aliyeonyesha mara ngapi alishawahi kukosea.